Nchi ya Maji Mawili: Somo Juu ya Mbuchi na Delta ya Rufiji



Katika mkutano wetu uliopita, baada ya kwisha khabari za miche na majamvi ya kuanikia, alisimama ndugu yetu mmoja, mvuvi na mkulima, akasema neno ambalo limetukaa moyoni. Alisema: "Vijana wetu hawana ardhi. Hapa Pemba kila kilima kina mwenyewe, na kila mkarafuu una warithi saba. Lakini mimi nimekwenda dago upande wa Rufiji. Nimepita katika mito yake kutwa nzima, naona miti tu, sioni nyumba. Kwa nini vijana wasiende kule Mbuchi wakafyeka, wakapanda mikarafuu?"

Wako waliocheka, na wako waliomwunga mkono. Mwenyekiti akatuamrisha tulitafutie swali hili jawabu na kulitia katika jarida. Tumeona si vyema kujibu kwa neno moja, ndiyo au hapana. Tumelifanya kuwa somo, kwani mtu akiijua nchi vizuri jawabu humjia mwenyewe.

PAHALI ILIPO

Mto Rufiji ndio mto mkubwa kuliko yote ya Tanzania. Maji yake hutoka mbali. Ruaha Mkuu huyaleta kutoka nyanda za juu za Mbeya na Iringa, Kilombero huyaleta kutoka katika bonde lake, na Luwegu huyaleta kutoka kusini. Nchi yote inayoteremsha maji katika mto huu ni kama kilomita za mraba 177,000, yaani yapata sehemu moja katika tano ya Tanzania Bara. Mvua ikinyesha Mbeya leo, baada ya siku nyingi maji yake yatapita mbele ya mlango wa mtu wa delta.

Ukikaribia bahari, mto huu hauingii kwa njia moja. Hugawanyika kama vidole vya mkono uliokunjuliwa, na kila kidole kina mlango wake na jina lake: Simba Uranga, Kikunya, Kiomboni, Msala na mingineyo. Mbele ya milango hiyo, ng'ambo ya mkondo wa bahari, ndipo kilipo Kisiwa cha Mafia. Na baina ya kidole na kidole ndipo vilipo visiwa vya delta. Vingine vina miinuko ya mchanga, nako huota minazi, miembe na mikorosho. Vingine ni matope matupu ambayo bahari huyafunika kila bamvua.

Mbuchi ni kata mojawapo ya delta hiyo, pamoja na jirani zake Maparoni, Kiongoroni, Msala na Salale. Zote zimo katika Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani. Zamani zilikuwa katika Wilaya ya Rufiji, mpaka wilaya hiyo ilipogawanywa mara mbili katika miaka ya karibuni.

Sasa tulinganishe. Delta hii ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,200 hivi. Pemba yetu haifiki 1,000. Basi delta si ndogo kuliko kisiwa chetu. Lakini sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Pemba watu zaidi ya laki tano, na delta yote haifiki hata laki moja. Kwa hiyo ndugu yetu hakusema uwongo aliposema kuwa alikwenda kutwa asione nyumba. Aliona kweli. Swali ni je, alichokiona alikifahamu?

MAJI MAWILI

Jambo la kwanza la kujua katika nchi ile ni kuwa ina maji ya namna mbili yanayosukumana usiku na mchana. Yako maji ya mto, ambayo ni matamu na yamebeba udongo. Na yako maji ya bahari, ambayo ni ya chumvi, hujaa na kupwa mara mbili kila siku. Mahali yanapokutana hapakai pamoja. Wakati wa masika, kuanzia Machi mpaka Mei, mto hupata nguvu na huifukuza chumvi hata karibu na milangoni. Wakati wa kiangazi mto hunywea, na chumvi hupanda juu ikaingia mpaka katika vijito na visima.

Mkulima wa delta ameitumia khabari hii kwa akili ambayo sisi wa vilimani yatupasa kuistaajabia. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo huelea juu yake. Bahari inapojaa huyasukuma maji ya mto nyuma na juu, nayo hutandaa mashambani. Bahari inapokupwa, maji hayo hutoka. Basi mpunga wa delta hunyweshwa na mwezi! Hakuna mfereji wa saruji wala mashine ya kuvuta maji. Kuna mtu anayejua siku za bamvua na siku za maji mafu, na anayejua ni lini apande ili avune kabla ya chumvi kurudi. Akikosea, jasho lake lote limekwenda bure, kwani mpunga ukinyweshwa chumvi hauponi.

Wala mahali pa kulima si pamoja daima, kwa sababu mto wenyewe huhama. Tangu miaka ya 1970, maji mengi zaidi yamekuwa yakishika njia ya upande wa kaskazini. Huko mashamba ya mpunga yaliongezeka. Upande mwingine maji matamu yalipungua, na walioona mpunga wao ukishindwa iliwabidi kutafuta riziki kwingine. Mtu wa Pemba ameizoea ardhi isiyoondoka mahali pake. Mtu wa delta hulima juu ya ardhi ambayo mto umeikopesha tu.

MIKOKO NA MABORITI

Miti ile aliyoiona ndugu yetu ni mikoko. Msitu wa mikoko wa Rufiji una hekta kama 53,000, na katika pwani yote ya Afrika Mashariki hakuna msitu wa mikoko ulio mkubwa kama huu mahali pamoja. Mtu mgeni huona miti ya sura moja. Mwenyeji huona miti mbali mbali, kila mmoja na kazi yake. Mkoko ni wa boriti. Mkandaa ni wa fito, na magome yake hutumika kupaka rangi na kutengeneza ngozi. Mlilana hukaa mbele kabisa, uso kwa uso na bahari, na mafundi wa vyombo huutaka kwa mataruma. Mchu huvumilia chumvi iliyokauka juu ya matope. Msinzi, mkomafi na msikundazi kila mmoja una mahali pake kwa kadiri ya chumvi na urefu wa maji. Mtu aijuaye miti hii hana haja ya kuyaonja maji: hutazama kilichoota akajua kama hapo pana chumvi nyingi au kidogo.

Sisi wa visiwani tunadaiwa na msitu huo. Inua macho katika nyumba yoyote ya mawe ya zamani, iwe ya Mji Mkongwe wa Unguja au ya mji wowote wa pwani, utaziona boriti zimelala juu ya kuta. Vyumba vya nyumba hizo vingi havizidi upana wa mita tatu hivi, na sababu yake ni kuwa boriti haikuwa ndefu zaidi ya hapo. Kwa hivyo mti wa matopeni ndio uliopima vyumba vya matajiri! Boriti hizo zilitoka Lamu na Rufiji, na hazikuishia kwetu. Majahazi ya Ghuba yalikuja na kaskazi, yakashusha tende na chumvi, yakapakia boriti, yakarudi na kusi mpaka Kuwait na Bahrain, nchi zisizo na miti ya kujengea. Mwaka 1939 baharia wa Australia, Alan Villiers, alisafiri katika chombo kimoja cha Kuwait mpaka Rufiji kupakia boriti, na baadaye akaandika kitabu juu ya safari hiyo.

Serikali ya Wajerumani iliufanya msitu huu kuwa hifadhi mwaka 1898. Mwaka 1987 Serikali ya Tanzania ilizuia kukata mikoko, na mwaka 1991 ukatengenezwa mpango wa kuitunza mikoko ya pwani yote ya Bara. Mwaka 2004 delta pamoja na Mafia na Kilwa ziliandikwa katika Mkataba wa Ramsar, mkataba wa mataifa unaolinda nchi za majimaji. Basi ukifika huko na shoka lako, ujue kuwa mti unaotaka kuufyeka una sheria yake zaidi ya miaka mia.

WATU NA KAZI ZAO

Wenyeji wa delta tangu zamani huitwa Wanyagatwa. Pamoja nao wako Wandengereko, Warufiji, Wamatumbi na watu waliokuja kutoka Mafia na pwani nyingine. Dini yao na lugha yao ni kama zetu, na Mpemba akifika kijijini hatakuwa mgeni wa kuogopa salamu.

Kazi zao hazielemei upande mmoja. Mtu huyohuyo hulima mpunga, huvua samaki, huvua kamba na kaa, hukata miti kwa kibali, huangua nazi na huokota korosho. Kamba ndiyo mali yao kubwa. Kamba huzaa baharini, lakini watoto wake huingia katika vijito vya mikoko, hukaa humo wakijificha na kula, na wakisha kukua hurudi baharini. Kwa sababu hiyo delta ya Rufiji ni mahali pakubwa pa kamba katika Tanzania. Mvuvi anayetega kamba karibu na Mafia, hata akiwa hajakanyaga Mbuchi maisha yake yote, anakula kutoka katika mikoko ya Mbuchi.

Mpunga nao una taabu zake. Mkulima anapofungua shamba jipya katika mikoko, kaa huikata miche michanga, na hulazimika kupanda tena. Mpunga ukizaa huja ndege, nguruwe na viboko. Ndiyo maana utaona mashambani madungu, yaani vibanda juu ya nguzo ndefu, ambamo watu wa nyumbani huhamia wakalinda mpaka mavuno. Baada ya miaka michache magugu huzidi, shamba huachwa, na mtu hutazama mikoko mingine. Hapo ndipo ulipo ugomvi wa siku zote baina ya wakulima na walinzi wa misitu. Mkulima husema: bila ya mpunga watoto watakula nini? Mlinzi husema: bila ya mikoko, kamba watakaa wapi na pwani itashikwa na nini? Sisi hatuoni kuwa mmoja wao ni mjinga. Kila mmoja ana nusu ya ukweli, na kazi ya busara ni kuzikutanisha nusu hizo.

Njia za nchi ile ni maji. Dukani, skuli, zahanati, mazikoni, watu huenda kwa mtumbwi au mashua, na saa ya safari huamuliwa na bahari. Mgonjwa akizidiwa wakati maji yamekupwa, ndugu zake hukaa naye wakisubiri kijito kipate maji. Katika miaka ya karibuni Mbuchi imejengewa daraja, na bandari ya Nyamisati imekuwa mlango wa kivuko cha kwenda Mafia. Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini nchi yenye watu wachache waliotawanyika ni ghali kuihudumia, na haki huchelewa kufika mahali ambapo mashua huchelewa kufika.

WALIOIDHANI TUPU

Sasa tuje kwenye neno la ndugu yetu, kuwa nchi ile haina watu. Yeye si wa kwanza kulisema.

Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilikuja alfajiri Unguja ikaizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus. Makaburi ya mabaharia wake yako mpaka leo katika kisiwa cha Chapwani. Kisha Königsberg ikaenda kujificha katika delta ya Rufiji. Waingereza waliitafuta wiki nyingi, na walipoijua ilipo hawakuweza kuifikia, kwa kuwa manowari zao zilikuwa nzito kwa maji yale. Iliwabidi kuiteka Mafia mwezi wa Januari 1915, kuleta ndege, na kuleta kutoka Ulaya vyombo viwili vya mizinga visivyozama sana, Severn na Mersey. Mwisho wa manowari ile ulikuwa tarehe 11 Julai 1915. Vitabu vingi husimulia kisa hiki kama kwamba kilitokea katika matope na mbu tu. Lakini ni nani waliojua vijito? Nani waliobeba vyakula na vyuma kwa njia ya nchi kavu? Ni watu wa nchi, ambao majina yao hayakuandikwa.

Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, Serikali iliwahamisha watu wa bonde la Rufiji, juu ya delta, ikawaweka katika vijiji vya miinukoni. Nia ilikuwa kuwaokoa na kuwakaribishia skuli na dawa. Lakini watu hao walizoea kulima udongo unaoachwa na mafuriko, kilimo wanachokiita mlao, na mashamba yao yakabaki mbali na nyumba zao mpya. Wengi wakawa wanarudi bondeni kulima, wakilala katika madungu. Maji waliyookolewa nayo ndiyo yaliyokuwa yakiwalisha.

Katika miaka ya 1990 ukaja mpango wa kuchimba mabwawa ya kufugia kamba katika delta, juu ya maelfu ya hekta. Walioutunga waliona ardhi kubwa na watu wachache. Wanavijiji wengi waliupinga, na mwaka 1998 wakapeleka shauri lao Mahakama Kuu. Mabwawa yale hayakuchimbwa.

Na sasa liko bwawa kubwa la Julius Nyerere, juu ya delta. Lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na mashine yake ya kwanza ilitoa umeme Februari 2024. Mashine ni tisa, na nguvu zake zote ni megawati 2,115. Nchi ilikuwa na haja ya umeme huo, na hata sisi wa visiwani huletewa umeme kwa waya kutoka Bara. Lakini tukumbuke somo la maji mawili. Mto ukishikwa juu, udongo hubaki bwawani, na chini hupungua kile kinachoijenga delta. Maji matamu yakitoka kidogo wakati yanapotakiwa, chumvi hupanda. Yakitoka mengi kwa ghafula, mashamba huzama. Aprili 2024 Rufiji na Kibiti zilipata mafuriko makubwa baada ya mvua nyingi, na watu wakapoteza nyumba na mazao. Kwa hiyo mtu anayefungua na kufunga milango ya bwawa ameshika mkononi mwake kalenda ya mkulima wa Mbuchi, na ni haki mkulima huyo apewe khabari mapema na asikilizwe.

JAWABU LETU

Basi tumjibu ndugu yetu. Mkarafuu hautaota katika matope ya delta. Mti wetu unataka udongo wenye kina, unaopitisha maji, na mvua nyingi kama hii ya Pemba, ambayo ni karibu milimita 1,900 kwa mwaka. Mizizi yake ikikaa majini huoza, na chumvi huuua. Na hata ingekuwa unaota, mtu hungoja miaka sita mpaka minane kabla ya kuchuma mara ya kwanza. Nani atangoje miaka minane juu ya ardhi ambayo mto waweza kuihamisha?

Lakini hata kama mkarafuu ungeota, jawabu letu lingekuwa lilelile. Nchi yenye watu wachache si nchi tupu. Wale watu ni wachache kwa sababu ile nchi hulisha watu wachache kwa eneo kubwa: mikoko hii ni malezi ya kamba, matope haya ni shamba la mwaka kesho, kijito kile ni njia ya mgonjwa. Kila kitu kina mtu wake, ijapokuwa hana ukuta wala hati. Hata sisi hapa, mgeni akipita katika bonde letu la mpunga mwezi wa Septemba ataona majani na ng'ombe wawili, aseme "hapana mwenyewe". Tungempokea kwa furaha akija na panga?

Na liko jambo la kufanya hapa kwetu. Kilima chenye mikarafuu na bonde lenye mpunga ni mto Rufiji mdogo. Anayefyeka kilima mpaka kikabaki uchi, mvua huuteremsha udongo wake ukalifukia bonde la jirani yake, kisha ukaenda kuizonga mikoko ya ufukweni. Vijana wetu wanaweza kupata ardhi katika mapengo ya mikarafuu iliyokufa, ambayo tumeyaacha miaka mingi kwa ugomvi wa mirathi. Mashamba hayo yapo, na udongo wake waujua mkarafuu. Tuanze hapo.

MASWALI YA KUZUNGUMZWA TAWINI

1. Kwa nini maji ya mto huelea juu ya maji ya bahari, na mkulima wa delta hufaidika vipi na jambo hilo?
2. Taja miti mitatu ya mikoko na kazi ya kila mmoja. Ipi iko katika ufukwe wa karibu nawe?
3. Mkulima wa mpunga na mlinzi wa msitu wamegombana. Wewe ni mzee wa kijiji. Utawapatanisha kwa masharti gani?
4. Katika tawi lako, maji ya mvua hutoka kilima gani yakaingia bonde gani? Nani hupata hasara kilima kikifyekwa?
5. Hesabuni mapengo ya mikarafuu katika mashamba yenu, na muandike ni mangapi yameachwa kwa ajili ya mirathi isiyogawanywa.

Majibu ya swali la tano tunaomba yaletwe kwa maandishi. Tutayasoma mkutano ujao, Inshallah, na ndugu yetu aliyeuliza ndiye tutakayempa nafasi ya kwanza kusema.